Namna ya Kumpa Mtoto Jina Ufipa Bila Kumpoteza Bibi

Kwanza kabisa, zima simu. Mtoto kazaliwa jana, kitovu hakijadondoka, na tayari shangazi wa Namanyere ametuma majina matatu, baba mdogo aliyeko Dar es Salaam ametuma moja lenye herufi mbili za y, na jirani ameshaweka picha ya vidole vya miguu kwenye stetasi akimwita Junior. Wazee wetu walijua kungoja. Kichanga alikaa ndani kwenye joto la moto wa kuni, maana Julai ya Sumbawanga haina huruma kwa mtu wa siku tatu, na jina lilikaa ndani pamoja naye. Ana maisha mazima ya kuitwa. Wiki moja ya kuwa "mtoto" tu haitampunguzia kitu.

Pili, kumbuka unaishi wapi. Mji wetu wenyewe una jina lenye kazi: sumba wanga, tupa uchawi. Mgeni alikuwa akisomewa sharti kabla hajatua mzigo. Waliotoa jina hilo hawakuwa wanatafuta sauti tamu. Walikuwa na neno la kusema, wakalisema. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Sasa panda kwenye vihenge. Majina ya Ufipa yamehifadhiwa kama mahindi, kila kizazi na kihenge chake, na mzazi mwenye busara haendi dukani kununua unga kabla hajachungulia akiba ya nyumbani.

Kihenge kikubwa kuliko vyote ni kalenda ya kanisa. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, walipokea ngome ya Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka huko ziwani wakapanda hadi huku juu uwandani. Walikuja na dawa, mbegu, shule, na orodha ya watakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe anayebatizwa anapata jina la Kikristo. Wazazi wakishikilia la kwao, paroko aliongeza la mtakatifu na kuyaandika yote mawili daftarini. Soma tena hapo mwishoni: yote mawili. Tutarudi kwenye daftari hilo.

Ndiyo maana ukipitia majina ya watu wa Rukwa waliofika bungeni, unasikia kama Roma ya kale inaitwa mahudhurio: Chrisant Mzindakaya, Ludovick Mwananzila, Ignas Malocha, Desderius Mipata, Josephat Kandege, Deus Sangu. Kardinali wetu, aliyezaliwa Mwazye mwaka 1944, ni Polycarp Pengo, na huyo Polikarpo wa kwanza alikuwa askofu wa Smirna, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeuawa kwa ajili ya imani katika karne ya 2. Jina lilisafiri miaka 1,800 kutoka Smirna likaja kutulia Mwazye, na halikuonekana geni. Nyumba ya pili palikuwa na Emerensiana, ya tatu Gaudensia, na kule kwenye mteremko Deogratias akichunga mbuzi.

Bibi yangu mzaa mama alibatizwa tarehe 10 Februari, na mwenye kuijua kalenda anajua mara moja jina alilotoka nalo: la dada yake Mtakatifu Benedikto. Skolastika. Jina lilikuwa refu kumzidi mtoto mwenyewe. Mama yake hakuweza kulitamka kwa pumzi moja, akalikata, akalilainisha, akaliongezea irabu pale ulimi ulipokwama, na baada ya mwaka mmoja lilikuwa jina la kwetu kabisa.

Nayasema haya kwa sababu wapo vijana wanaoyacheka majina haya na kuyaita ya kizungu ya zamani. Wasiyacheke. Ulimi wa Ufipa umeyachonga kama mpini wa jembe, mpaka yamekaa mkononi. Ignatius akawa Ignas, na mama akimwita toka mbali anakuwa Inyasi. Deusdedit, yaani Mungu alitoa, lilikatwa likabaki Deus. Kila jioni kuna mama anasimama mlangoni anaita "Mungu!" kwa Kilatini, na anayeitika anakuja na jembe begani, ana njaa. Mimi sijui ibada nzuri kuliko hiyo.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda. Mzazi aweke alama hapo. Ndipo kalenda ilipopata Kizito na Lwanga na Mukasa, na mzazi Mwafrika akaweza kumridhisha padri kwa jina la Kiafrika. Kisha ikaja sheria mpya ya mwaka 1983, na kanuni ya 855 ikabaki na sharti moja tu: wazazi, wasimamizi na paroko waangalie jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Hakuna tena lazima ya mtakatifu. Jina la bibi wa Kifipa, lenye maana ya mvua au ya shukrani, liliweza sasa kusimama peke yake mbele ya kisima cha ubatizo.

Mlango ulifunguliwa, basi. Kinachoniuma ni kwamba tulipotoka kwa Polikarpo hatukurudi nyumbani. Tulipitiliza.

Lakini kabla ya kufika tulikopitilizia, chungulia kihenge cha Kiswahili. Humo mna Shida, Tabu, Mashaka na Masumbuko, na upande wa pili Zawadi, Furaha, Riziki na Faraja. Kihenge hiki kilihifadhi habari za mwaka. Mtoto aliyezaliwa wakati wa dhiki alibeba dhiki, na aliyekuja baada ya kungojewa sana alibeba shukrani. Mzee Mzindakaya, katikati ya mtakatifu wa Roma na jina la ukoo, alikuwa na Majiyatanga, neno linalosomeka kwa Kiswahili kama sentensi nzima. Jirani zetu wa Kenya wana Uhuru Kenyatta, aliyezaliwa Oktoba 1961, miaka miwili na zaidi kabla nchi yake haijapata huo uhuru. Hapo jina lilikwenda mbele, nchi ikalifuata.

Ushauri wangu hapa ni mfupi. Chukua Riziki, chukua Faraja, ila usimpe mtoto deni. Kama mwaka ulikuwa mbaya, uandike kwenye daftari, usiuandike kwenye paji la mtu ambaye siku moja ataingia benki kuomba mkopo na kusema, "Naitwa Mashaka." Ninaowafahamu wenye jina hilo ni watu imara, lakini wameupata uimara huo kwa kazi ya ziada.

Ukishuka bondeni kuelekea Ziwa Rukwa utawakuta Kulwa na Doto, na nyuma yao Shija, mtoto afuataye mapacha. Wameletwa na ndugu zetu Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Ukishuka upande wa pili, Kirando na Kasanga, utakuta Mwajuma na Jumanne, waliopewa siku yao ya kuzaliwa iwe jina. Majina haya hayahitaji utetezi. Kila moja linajua lilikotoka.

Sasa tufike kwenye mtindo. Kaa jioni pembeni ya watoto wanaocheza mpira mtaa wowote wa Katandala au Majengo, usikilize pasi zinavyoombwa: Brayan, Jayden, Ivan, Junior, Brayan wa pili, Prince. Wasichana walioko pembeni wanaruka kamba: Precious, Princess, Gift, Glory. Sina ugomvi na hata mtoto mmoja kati yao. Wanacheza vizuri, na Brayan wa pili ana mguu wa kushoto wa ajabu. Swali langu ni kwa baba zao: nani alikuwa anaitwa hivyo kabla yake? Ukimuuliza atakwambia, "Nililipenda tu." Kupenda ni mwanzo mzuri. Nakuomba tu usiishie hapo.

Maana mtindo una tabia yake, na tabia hiyo ni ya dunia nzima. Marekani wana orodha za serikali za majina ya watoto zinazorudi nyuma hadi 1880. Kwa miongo mingi Mary alikaa kileleni kama mama mwenye nyumba. Mwaka 1947 akaondolewa na Linda, na sababu kubwa ni wimbo mmoja uliokuwa ukipigwa redioni wakati ule. Nchi nzima ikajaa akina Linda. Mwaka 1953 Mary alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, na yule Linda aliyezaliwa kwa ajili ya wimbo akabaki na jina linalotaja umri wake popote anapolitamka. Brayan wetu naye atafika miaka hamsini. Siku hiyo jina lake litamwambia kila mtu alizaliwa lini, na halitamwambia mtu yeyote kwamba ametoka uwanda wa Ufipa.

Na kuazima majina ya wakubwa wa mbali hakukuanza na runinga. Joseph Thomson alipita huku mwaka 1880, akaliona Ziwa Rukwa, akaliita Leopold kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Wajerumani nao walijenga boma Kasanga wakapaita Bismarckburg. Muulize leo mvuvi anayepakua migebuka pale Kasanga kama anapafahamu Bismarckburg. Ziwa lilikataa, na ufuko ulikataa. Mtoto hana uwezo huo wa kukataa. Ana wewe tu.

Kwa hiyo, kabla hujakubali jina lolote, lipitishe kwenye majaribio mawili.

La kwanza ni la upepo. Nenda mwisho wa shamba la mahindi mwezi wa nane, wakati upepo wa uwandani umepamba moto, umwache mwenzako nyumbani, kisha aliite jina hilo kwa nguvu. Jina zuri la Ufipa lina irabu mwishoni, la kuvutwa kama kamba ya kisima: Mariaaa, Inyasiii. Linafika. Jayden linafika hadi kwenye maharage, herufi ya mwisho inamezwa, na mtoto ana kisingizio halali cha kutorudi kuosha vyombo.

La pili ni la karani, na hili nalisema kwa uchungu. Mpwa wangu ni mmoja lakini kwenye karatasi wako watatu. Kadi ya kliniki inasema Brian. Cheti cha ubatizo kinasema Brayani. Cheti cha shule kinasema Bryan. Kila karani aliandika alivyosikia, na kila mmoja alikuwa na haki yake, kwa sababu jina lenyewe halikuwa na mtu wa kuliuliza. Kijana alipofuatilia karatasi zake za kujiunga na chuo, aliambiwa athibitishe kwamba yeye ni yeye. Tulizunguka ofisi siku nne, tukalipia kiapo cha majina, tukapiga muhuri, tukarudishwa kwa sababu muhuri uligusa herufi. Dada yangu alikaa kwenye benchi na ile bahasha mapajani, akasema taratibu, "Nilitaka tu jina zuri."

Basi fanya hivi. Siku ya kwenda kuandikisha, andika jina wewe mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, umpe karani, usimwimbie. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano upo mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kutoa vyeti vya kuzaliwa bure kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, kwa hiyo safari yenyewe si ndefu kama zamani. Lakini usiondoke dirishani kabla hujasoma cheti herufi kwa herufi, hata kama foleni iliyo nyuma yako inaguna. Foleni itaguna dakika tano. Kosa litaguna miaka ishirini.

Na hapa ndipo tunafika kwenye jambo lililonifanya niandike mwongozo huu. Lisome polepole.

Tanzania tunaandika majina matatu: la mtoto, la baba, la babu au la ukoo. Hesabu hiyo inaonekana haina ubaya wowote. Sasa rudi kwenye ile orodha ya wabunge. Mzindakaya, Mwananzila, Malocha, Mipata. Majina hayo ya kwetu yamesalimika vizuri. Yamesalimika kwa sababu kila mtoto wa kiume aliyapeleka mbele, kila cheti kikayarudia, na leo yanasomwa redioni. Jina la mwanamume wa Ufipa lilipata gari la serikali.

Jina la mwanamke halikupata hata baiskeli. Halikai nafasi ya pili, kwa sababu ya pili ni ya baba. Halikai ya tatu, kwa sababu ya tatu ni ya babu. Nafasi yake ni moja tu, ya kwanza, na hiyo ya kwanza tuliitoa kwa Skolastika, kisha kwa Furaha, na sasa kwa Princess. Bibi akifa na jina lake la nyumbani likawa halijapewa mtu, hakuna fomu hata moja katika nchi hii itakayolikumbuka. Tumepoteza hivyo majina ya nusu ya watu wetu, bila mtu yeyote kukusudia.

Jirani zetu wa kusini wanaonyesha jeraha hilo waziwazi zaidi. Kwa Wanyamwanga na Wamambwe jina la ukoo lina mlango wa mwanamume na mlango wa mwanamke: kaka ni Simukonda, dada yake ni Namukonda. Ukoo ni ule ule, na dada ana heshima yake mwenyewe, haazimi. Mpeleke dada huyo akaandikishwe kwa mpango wa majina matatu, na ile Na- yake inafutika dirishani. Anatoka akiwa binti wa Simukonda, jina la wanaume, maisha yake yote.

Usidhani jina la nyumbani haliwezi kushindana na la kalenda. Pale Sumbawanga tuna hospitali inayoitwa Dr. Atiman. Huyo alikuwa mtoto wa karibu na Timbuktu, aliyetekwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akabatizwa Adrian, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu wa huku mpaka kifo chake mwaka 1956. Kalenda ilimpa Adrian, naye alilipenda na kulibeba kwa uaminifu. Lakini wagonjwa walimwita Atiman, jina alilopewa na watu wake kabla mtu yeyote hajamuuza, na hilo ndilo lililoandikwa juu ya mlango. Limevuka jangwa, bahari na ziwa. Usiniambie la bibi yako haliwezi kuvuka ofisi ya kata.

Basi, leo usiku, kabla bibi hajaenda kulala, kaa naye. Usianze na simu mkononi. Mpe chai kwanza. Muulize aliitwa nani kabla ya maji ya ubatizo, na nani alimwita hivyo. Muulize nani alikuwa na jina hilo kabla yake, maana mara nyingi alikuwapo mtu, na nyuma ya huyo mwingine. Atacheka, atasema hayo ni mambo ya zamani. Ngoja. Mmiminie tena. Akianza, washa kinasa sauti cha simu na unyamaze kabisa, kwa sababu atalitamka mara moja jinsi mama yake alivyolitamka, na mkazo ule hauandikiki.

Kama bibi ameshatangulia, nenda parokiani ukaombe kwa adabu kuangaliziwa daftari la ubatizo. Wale waandishi wa zamani walitakiwa kuandika yote mawili pale wazazi waliposhikilia la kwao. Mimi nilisimama nyuma ya katekista akipitisha kidole kwenye safu ya wino uliofifia, la mtakatifu mstari kwa mstari, mpaka kidole kikasimama. Lilikuwa pale, kwa mwandiko wa mtu ambaye Kifipa hakikuwa lugha yake, lakini alisikiliza vizuri. Herufi saba. Kuna baba mmoja au mama mmoja alisimama mbele ya padri akasema hapana, na hili nalo liandikwe.

Binti yangu ana yote mawili. La kanisani ni la mtakatifu, nalo tunalipenda. La kwanza kwenye cheti ni zile herufi saba, na silitaji hapa kwa sababu sasa ni mali yake. Akikua atalitaja mwenyewe kwa anayemtaka. Siku ya kuandikisha tulikwenda watatu: mimi, yeye mgongoni mwangu, na mama yangu aliyesema anakuja kusindikiza tu. Karani, kijana mpole wa kutoka mkoa mwingine, alikitazama kile kikaratasi, akauliza, "Hili ni jina la wapi?"

Mama alinitangulia kujibu. "La mama yangu."

Akaandika. Mama aliinama dirishani akafuata kalamu yake herufi kwa herufi, midomo ikitembea. Alipomaliza, akamwambia, "Soma, mwanangu, nisikie." Kijana akasoma kwa sauti, vizuri kabisa, na irabu ya mwisho akaivuta kidogo.

Mtoto alikuwa amelala. Aliyeitika ni mama.